Mwanafunzi wa uuguzi wodini: wapi niamue, wapi niulize?

Mwanafunzi_Nyegezi

Mwangaluka wakuu, na shikamooni mlionitangulia kazini.

Nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa mwisho. Karibuni tunapelekwa mazoezi kwa vitendo: wiki sita hospitali ya wilaya, kisha wiki nne kituo cha afya visiwani, upande wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Kwenye fomu ya tathmini kuna kipengele cha "kujitegemea na kufanya uamuzi", na alama zake si haba.

Kazi ya mikono naiweza, kanula ya mshipa na katheta ya mkojo naweka, dawa napima. Kinachonitatiza ni mpaka. Ukiuliza kila kitu unaambiwa hujiamini, usipouliza unaambiwa mjuaji. Naomba wenye uzoefu wanieleze: mwanafunzi anaruhusiwa kuamua nini hasa? Anaufanyiaje mazoezi uamuzi kama anavyofanyia mazoezi kanula? Na akiona dozi iliyoandikwa na daktari haikai sawa, anasemaje bila kuonekana hana adabu?

---

Kijana_Igogo

Huna leseni. Fuata maagizo, jaza logibuku yako, rudi chuo. Ukiamua ukakosea hakuna wa kukutetea.

---

SistaZamuYaUsiku

Marahaba mdogo wangu.

Igogo ameshika nusu ya ukweli. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, anayefanya kazi hii ni mwenye usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na wewe bado. Kila unachofanya kinafanyika chini ya mwenye leseni, ndiyo maana unachoandika kwenye faili kinahitaji sahihi yake pembeni ya yako. Lakini kutokuwa na leseni hakukufanyi uwe stendi ya dripu. Ukimkuta mgonjwa anabadilika rangi ukasubiri uambiwe, nao huo ni uamuzi, na ni uamuzi mbaya.

Mimi wanafunzi nawagawia kazi kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale unayotenda papo hapo kisha unatoa taarifa. Mgonjwa anahema kwa shida, mwinue kichwa cha kitanda. Amepoteza fahamu au anapata degedege, mlaze ubavu na usimtie kitu mdomoni. Mkono wenye dripu umevimba, funga dripu. Kidonda kinatoa damu, gandamiza. Mgonjwa hajielewi, mpime sukari. Mtu anaongezewa damu, ghafla anatetemeka, joto limepanda digrii moja au zaidi, au analalamika mgongo na kifua: simamisha damu hapo hapo, usingoje inchaji (mkuu wa wodi) amalize chai. Njia ya mshipa usiipoteze. Badilisha seti nzima, weka normo salaini (maji ya chumvi), ita msaada, na chupa ya damu usiitupe kwa sababu maabara wataihitaji.

Tazama hayo yote yanafanana wapi. Mengi ni kusimamisha, kulinda au kupima. Kusimamisha kitu kinachodhuru kuna hatari ndogo kuliko kuanzisha kitu kipya, kwa hiyo ndiyo sehemu ambayo mwanafunzi ana uhuru mkubwa. Isipokuwa oksijeni. Hiyo usiizime kwa sababu tu mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni inasoma 97. Huenda inasoma 97 kwa sababu ya hiyo oksijeni.

Fungu la pili: unafikiri, unapendekeza, unatenda ukiwa na msimamizi. Hapa ndipo dawa zote za sindano, kiasi cha maji, kiasi cha oksijeni na mirija ya kulishia. Na hapa ndipo alama zako zilipo. Usije kwangu na "Sista, mgonjwa wa kitanda cha sita anahema." Njoo na "Sista, kitanda cha sita anahema mara 34, oksijeni 88, nimemkalisha, nafikiri tumwekee ya puani lita 2, naomba uje uangalie." Sentensi ya kwanza imenipa kazi mimi. Ya pili imeonyesha kuwa umefikiri, hata kama nitabadilisha hiyo lita 2.

Fungu la tatu hugusi peke yako, hata wodi iwe na mtu mmoja: kubadilisha maagizo ya daktari, kuanzisha damu, oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) kabla mtoto hajazaliwa, dawa za maumivu zenye kufungiwa kabatini, kuchukua ridhaa ya upasuaji, kuwapa ndugu taarifa ya kifo. Na potasiamu ya mshipa. Ile ikisukumwa moja kwa moja bila kuchanganywa kwenye maji inasimamisha moyo. Sindano iliyojazwa potasiamu haitakiwi hata kuonekana kwenye trei ya mwanafunzi.

Siku ya kwanza kwenye wodi mpya, mwombe inchaji dakika tano akuambie mafungu haya kwake yamekaaje. Kuna wodi ambako kuweka oksijeni wakati wa dharura ni fungu la kwanza, kuna wodi ni la pili. Ukishajua, hakuna wa kukuita mjuaji.

---

MwalimuWodi

Naongezea hapo alipoishia Sista, kwenye swali lako la pili.

Uamuzi unafanyiwa mazoezi kwa daftari. Nunua la kuingia mfukoni. Kila zamu chagua wagonjwa wawili, si kumi. Ripoti ya kukabidhiana ikiisha, andika kwa kila mmoja mistari minne: ninachokihofia kwake leo; dalili ya kwanza itakayoniambia kimeanza; kitu cha kwanza nitakachofanya; nitamwita nani. Kisha andika saa. Mwisho wa zamu linganisha na kilichotokea na alichoamua muuguzi mwenye zamu. Jina la mgonjwa usiandike, namba ya kitanda inatosha, maana daftari huanguka kwenye daladala.

Mstari wa pili ndio unaowashinda wengi. Mtu ataandika "nahofia kutoka damu nyingi" halafu dalili yake anaandika "presha kushuka". Presha hushuka mwisho. Mtu mzima mwenye moyo mzima hushikilia presha kwa kuongeza mapigo na kukaza mishipa ya mikono na miguu, kwa hiyo kinachotangulia ni mapigo kupanda, mikono kuwa baridi, mkojo kupungua na mtu kukosa utulivu. Kanuni ya haraka: mapigo yakiwa makubwa kuliko namba ya juu ya presha, usiendelee na kazi nyingine. Mapigo 118 na presha 104 kwa 70 ni mgonjwa wa hatari, ingawa ukiisoma presha peke yake utaiona ya kawaida.

Yote haya hayana maana kama vipimo vyako ni vya kubuni. Pitia mafaili ya wodi yoyote utakuta wagonjwa thelathini wote wanapumua mara 20. Haiwezekani. Hesabu dakika nzima, mkono ukiwa bado umeshika kifundo kama unapima mapigo ili mgonjwa asibadilishe upumuaji. Kwa mtoto hesabu akiwa ametulia, hajalia, hanyonyi: miezi 2 hadi 11, mara 50 na kuendelea ni kasi, mwaka 1 hadi 5, mara 40 na kuendelea. Kile kipimo cha kidoleni nacho kinadanganyika: vidole vya baridi, rangi ya kucha, piko. Ukiona 82 na mtu anaongea vizuri, badili kidole au tumia sikio kabla ya kupiga kelele. Ukiona 82 na mtu anahema, piga kelele kwanza.

Hesabu ya dripu, kwa sababu huko visiwani usitegemee mashine: mililita mara matone ya seti kwa kila mililita, gawa kwa dakika. Lita moja kwa saa 8: 1000 mara 20 gawa kwa 480, unapata 42 kwa dakika.

---

Kijana_Igogo

Mwalimu, si kila seti ni matone 20. Zipo za 15.

---

MwalimuWodi

Kweli kabisa, na nilitakiwa kulisema. Imeandikwa kwenye pakiti ya seti: 15, 20, au 60 kwa ile ya matone madogo. Kwa lita ile ile kwa saa 8, seti ya 15 ni matone 31, ya 20 ni 42, ya 60 ni 125. Anayekariri "42" bila kusoma pakiti, akashika seti ya 15, lita inaisha kwa saa 6 kasoro kidogo. Kwa kijana mwenye kuhara utasema heri. Kwa mzee mwenye moyo mbovu, au mtoto mwenye utapiamlo mkali, hayo maji yanaishia kwenye mapafu. Pakiti usiitupe kabla hujahesabu. Na rudi baada ya dakika 15 uhesabu tena, kwa sababu mgonjwa akikunja mkono au akigeuka, matone hubadilika yenyewe.

---

Tabibu_Sengerema

Mimi nipo upande wa pili wa simu, basi nijibu swali la tatu. Naanza na la kupiga simu kwanza.

Simu ya usiku inayosema "Dakta mgonjwa amebadilika" inanilazimu niulize maswali kumi na ninyi mkimbie kwenye faili mara kumi. Kabla hujapiga, shika faili, simama karibu na mgonjwa, uwe na vipimo vya dakika tano zilizopita, siyo vya asubuhi. Halafu sema kwa mpangilio huu: wewe ni nani na uko wapi, nini kimetokea, historia fupi, ulichokuta, unafikiri ni nini, mmeshafanya nini, unaomba nini. Mfano wa huku kwetu ziwani:

"Dakta, ni mwanafunzi wa uuguzi wodi ya wanaume, niko na sista wa zamu. Kitanda namba 8, mwanaume miaka 34, mvuvi. Ametapika damu mbichi mara mbili ndani ya nusu saa, karibu bakuli moja. Ana historia ya kichocho na bandama kubwa. Mapigo 124, presha 96 kwa 60, anapumua 26, oksijeni 95, mikono baridi, fahamu anazo. Tunaona anaelekea kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu. Tumemlaza ubavu, hali wala hanywi, ana kanula mbili namba 16, damu ya kundi na ulinganifu imeshakwenda maabara. Naomba uje sasa, na utuelekeze tuanze na maji kiasi gani."

Hiyo haifiki dakika moja. Tazama mwisho wake: maji ameuliza, hakuamua. Na ana sababu. Kichocho cha matumbo kikiwa cha muda mrefu hukaza mishipa ya ini, presha ya mshipa unaoingia ini hupanda, na mishipa ya koo la chakula huvimba hadi inapasuka. Ukimjaza maji kupita kiasi unairudisha presha juu na kuifumua tena ile damu. Mwanafunzi anayejua sababu hiyo anaelewa kwa nini hili liko fungu la pili la Sista. Pia akikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye chati ya mgonjwa huyu atajua kwamba si mahali pake, atasema.

Sasa kusema. Ukiona dozi haikai sawa, usiseme "umekosea", wala usinyamaze ukaitoa. Usiseme mbele ya mgonjwa na ndugu zake. Njoo na chati, kikokotoo na uzito: "Dakta, naomba tuangalie pamoja kitanda namba 4. Mtoto ana kilo 14, mimi nimepata miligramu 42, hapa naona 34. Nimekosea wapi?" Hilo swali la mwisho halikushushi hadhi. Kama umekosea utafundishwa, kama nimekosea nitasahihisha na sahihi yangu. Nikijibu kwa ukali bila kutoa sababu, usitoe dawa. Nenda kwa sista wa zamu, yeye atanirudia. Muuguzi ana haki ya kusitisha dozi anayoitilia shaka mpaka ithibitishwe, na anaandika: saa, alichokiona, aliyemwambia, alichojibiwa.

Mfano huo sikuutoa hewani. Atesunati ya sindano kwa malaria kali ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa kilo kuanzia kilo 20. Kosa linalojirudia ni kumpigia mtoto hesabu ya mtu mzima: 14 mara 2.4 ni 33.6. Mtoto anakuwa amepunjwa dawa kwenye saa ambazo anaihitaji zaidi.

---

MwalimuWodi

Tabibu ametaja dozi, mimi nitaje uchanganyaji, maana makosa mengi hutokea huko. Chupa ya miligramu 60 huyeyushwa kwanza na mililita 1 ya bikaboneti iliyomo kwenye boksi, unatikisa hadi iwe angavu. Ikibaki na mawingu, tupa. Kwa mshipa unaongeza mililita 5 za normo salaini, jumla 6, kila mililita ina miligramu 10. Kwa msuli unaongeza mililita 2, jumla 3, kila mililita ina miligramu 20. Mtoto wetu wa miligramu 42 atapata 4.2 kwa mshipa au 2.1 kwa msuli. Mabango mengine ya wodini yanapandisha hadi mililita nzima inayofuata, fuata lililobandikwa hapo ulipo. Soma pia karatasi ya ndani ya boksi kila wakati, kwa sababu siku hizi zipo zenye kiyeyusho kimoja tu na hesabu ya mililita inabadilika.

Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja. Usichanganye ya saa 12 jioni ukaiweka akiba ya asubuhi. Dozi ni saa sifuri, saa 12 na saa 24, hata kama baada ya ya kwanza mtoto amekaa anacheza. Ndipo anapohamia dawa mseto ya kumeza, dozi kamili.

Uzito upimwe kwenye mizani. Uzito wa kukadiria kwa macho ndio mama wa makosa yote haya.

---

Mkunga_Ziwani

Poleni na majukumu. Naona mmeisahau leba, na huyu mdogo wetu anakwenda visiwani ambako leba ndiyo kazi yenyewe.

Mfano mzuri wa uamuzi ulio ndani ya uwezo wako ni magneziamu, dawa ya kuzuia degedege, kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kuanzisha si kazi yako peke yako. Msaidie msimamizi kuandaa: ampuli ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Gramu 4 za mshipa ni mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20, zinasukumwa polepole, isipungue dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako, zile za asilimia 50 zisizoongezwa maji, kila moja na mililita 1 ya lignokeini (ganzi) ya asilimia 2. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, tako kwa kubadilishana.

Kazi yako inaanza kwenye ile dozi ya saa 4. Kabla yake unapima vitu vitatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa kwa saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi hiyo haitolewi na unaita. Hapo huhitaji ruhusa ya mtu kusita. Magneziamu hutoka kwa figo. Mkojo ukikauka inalimbikizana mwilini, goti linanyamaza kwanza, pumzi inafuata. Dawa yake ni kalisiamu glukoneti gramu 1, mililita 10 za asilimia 10, polepole kwa mshipa. Iwe juu ya trei tangu mwanzo, si kabatini lenye ufunguo mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani.

Hao wanaoandika "goti sawa" bila nyundo wala kugonga, siwezi kuwasemea.

Kutoka damu baada ya kujifungua: oksitosini yuniti 10 msulini ndani ya dakika ya kwanza, hilo ni la kila mama. Damu ikifika mililita 500, usitegemee macho yako, pima. Kama hakuna shuka maalumu lenye mfuko, pima uzito wa kanga iliyolowa toa uzito wa kanga kavu. Gramu moja hesabu mililita moja. Macho hupunguza damu, hasa ikinywewa na kanga nyeusi usiku. Sugua mji wa mimba mpaka uwe mgumu kama nazi, hakikisha kibofu ni tupu, ita watu, na asidi ya traneksami (dawa ya kupunguza kutoka damu) gramu 1 kwa mshipa iingie kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Kusugua na kuita ni fungu la kwanza. Dawa ni la pili. Na oksitosini ikae nyuzi 2 hadi 8. Ukifika kituoni angalia friji kabla hujaangalia kitu kingine, kwa sababu yuniti 10 zilizokaa dirishani mwa jua la ziwani si yuniti 10 tena.

Sasa visiwani. Mjini, uamuzi wa rufaa ni kuita gari, na hospitali ya Sekou Toure au Bugando ni mwendo wa dakika. Kisiwani lazima uhesabu maji. Kutoka Ukara unavuka hadi Ukerewe ndipo uanze safari ya Nansio, kwenye hospitali ya wilaya. Kwenda bara unategemea kivuko cha Rugezi na Kisorya au chombo cha kwenda Mwanza, na ziwa likichafuka hakuna nahodha atakayekusikiliza. Kwa hiyo swali la leba kule huwa ni "ikifika saa fulani bila mabadiliko, chombo kitakuwepo?" Siku ya kwanza jua ratiba ya vivuko, jua namba ya anayepanga boti ya wagonjwa, jua nani mwenye mafuta. Viandike kwenye daftari la mwalimu hapo juu. Mama mwenye kovu la upasuaji, mapacha, presha 150 kwa 100: pendekeza rufaa mchana kweupe, njia ya uzazi ikiwa bado sentimita 3, wala usingoje chati ya uchungu ivuke mstari saa 8 usiku.

---

Mwanafunzi_Nyegezi

Asanteni sana, nimeshachora mafungu matatu kwenye jalada la daftari. Naomba mnipime kwa mfano huu. Zamu ya jioni, wodi ya watoto, muuguzi mmoja na mwanafunzi. Kwa pamoja: kitanda 3 dripu imeisha na damu inarudi kwenye mrija, kitanda 7 mama anadai karatasi za kuruhusiwa kwa sauti, kitanda 9 antibiotiki ya saa 10 bado na sasa ni saa 11, kitanda 11 mtoto wa miaka 3 mwenye malaria, bibi yake anasema "leo kalala sana, hata uji kakataa". Nimepanga 3, 9, 11, 7.

---

SistaZamuYaUsiku

Umepanga kwa kelele na kwa saa, hukupanga kwa hatari. Ni 11.

Kitanda 3 unakipita njiani, unafunga kidhibiti cha dripu, sekunde tano, huketi. Kinachoweza kuharibika pale ni kanula kuganda. Unafika 11: mwite kwa jina. Yuko macho? Anaitika sauti? Anaitika ukimfinya tu? Haitiki? Angalia pumzi, gusa miguu, pima sukari. Chini ya 2.5 kwa mashine inayosoma milimoli, au chini ya 45 kwa ile ya miligramu, ndiyo jibu la "kalala sana". Mtoto mwenye utapiamlo mkali usingoje 2.5, anzia 3. Jua mashine ya wodi yako inasoma kipimo kipi, nimeshaona mtu anashangilia "sukari 40".

Huku mwenzako akija, andaa: deksitrozi (maji ya sukari ya mshipa) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kilo 12 ni mililita 60. Kama ipo ya asilimia 50 tu, chukua mililita 12, ongeza maji ya sindano 48. Ile ya 50 usiipeleke kama ilivyo, inachoma mishipa ya mtoto. Mshipa ukikosekana, kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone mbili za maji, chini ya ulimi. Rudia kipimo baada ya dakika 30.

Kitanda 9 mwombe muuguzi akitoe wakati wewe uko 11. Saa moja ya kuchelewa iandikwe kama ilivyo, usiirudishe saa nyuma kwenye chati. Mama wa kitanda 7 mwambie ukweli kwa heshima: "Mama, kuna mtoto amezidiwa, nitakurudia." Karibu wote wanaelewa, kwa sababu wote wana mtoto pale.

---

Mwanafunzi_Nyegezi

Nimeelewa. Basi simu yangu ingekuwa hivi, nisahihisheni:

"Dakta, ni mwanafunzi wa uuguzi wodi ya watoto, niko na muuguzi wa zamu. Kitanda 11, mtoto wa kike miaka 3, siku ya pili ya matibabu ya malaria kali. Bibi yake amegundua amelala kupita kawaida tangu mchana. Anaitika maumivu tu. Anapumua 44, mapigo 150, joto 38.6, oksijeni 94. Sukari 1.9. Tumemlaza ubavu, tumeandaa deksitrozi ya asilimia 10 mililita 60. Naomba idhini tumpe sasa, na uje kumwona."

---

Tabibu_Sengerema

Ningetoka kitandani kwa simu hiyo. Lakini uzito uko wapi? Nitajuaje kuwa 60 ni sahihi? Na atesunati ya mwisho amepata saa ngapi? Rudia.

---

Mwanafunzi_Nyegezi

"…kilo 12, amepimwa leo asubuhi kwa mizani. Atesunati ya saa 24 amepata saa 4 asubuhi, miligramu 36."

---

Tabibu_Sengerema

Mpeni. Nakuja.